Namna ya Kuweka Uwiano kati ya Mhusika wa Fani Mbili na Mfuasi

Katika meza nyingi za mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu uitwao Dungeons & Dragons hutokea kwamba mchezaji mmoja ana shujaa aliyeacha upanga ili ajifunze uchawi, ilhali jirani yake anatembea na mpiga upinde anayemtii. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa amependelewa. Msimamizi wa mchezo anayetaka kuamua kwa haki asianze kwa kulinganisha nguvu zao, bali ahesabu zamu. Mhusika wa fani mbili (fani ni kazi ya shujaa, kama mpiganaji au mchawi), hata akiwa na upanga mkononi na uchawi kichwani, hutenda zamu yake inapofika, kisha anasubiri. Mfuasi, yaani mhusika wa pembeni anayemtumikia shujaa wa mchezaji, hata akiwa dhaifu, humletea bwana wake zamu ya pili katika kila mzunguko wa vita.

Jambo la kwanza ni kujua mnacheza kwa kanuni za toleo lipi, kwa kuwa gharama ya fani ya pili hutofautiana sana. Katika toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 1989, ni binadamu pekee anayeruhusiwa kuacha fani moja na kuanza nyingine, na ni lazima awe na alama 15 katika sifa kuu ya fani ya kwanza na 17 katika ile ya pili. Akishahama huanza upya kwenye ngazi ya 1, akibaki na pointi zake za uhai za zamani. Akitumia ujuzi wa fani ya kwanza katika pambano lolote, hukosa pointi zote za uzoefu (zinazompandisha ngazi) za pambano hilo na hupata nusu tu ya zile za safari nzima, mpaka ngazi ya fani mpya iipite ile ya zamani. Urefu wa kipindi hicho hutegemea mahali alipoachia: mpiganaji aliyehama akiwa ngazi ya 3 anahitaji pointi 10,000 ili awe mchawi wa ngazi ya 4, lakini aliyesubiri mpaka ngazi ya 7 anahitaji 90,000 ili afike ya 8. Kwa hiyo mshauri mchezaji wako ahame mapema, au akubali waziwazi kwamba atakuwa mnyonge kwa miezi mingi ya mchezo.

Hapo ndipo mfuasi wa mtu mwingine anapomuumiza. Kwa kanuni za toleo hilo, mfuasi huhesabiwa katika mgawanyo wa pointi za uzoefu, kisha yeye mwenyewe hupewa nusu ya fungu lake. Tuseme pambano lina pointi 1,200 na wachezaji ni watatu: bila mfuasi kila mmoja angepata 400, lakini akiwapo mfuasi mmoja kila mchezaji anapata 300, na mfuasi 150. Mchawi mchanga aliyekuwa akikimbilia ngazi ya 4 amepoteza robo ya fungu lake kwa sababu ya mtu ambaye hakumwajiri. Hali huwa mbaya zaidi palipo na mhusika mwenye alama 18 za haiba, kwa kuwa kanuni zinamruhusu kuwa na wafuasi hadi 15.

Pendekezo langu ni kwamba fungu la mfuasi litoke kwa bwana wake peke yake. Gawanya 1,200 kwa wachezaji watatu, kisha mwenye mfuasi atoe robo ya 400 zake. Atabaki na 300 zilezile ambazo angepata kwa kanuni rasmi, mfuasi atapata 100, na wenzake hawatapunguziwa chochote.

Ikiwa mwenye mfuasi ndiye huyohuyo mhusika wa fani mbili, usimnyang'anye, kwa kuwa katika kipindi chake cha unyonge anahitaji mtu wa kusimama mbele yake. Kuna mtego mmoja tu: mfuasi anayelingana na bwana wake kwa ngazi humwacha, na bwana aliyeanza upya yuko ngazi ya 1. Amua mapema kwamba inayohesabiwa ni ngazi iliyo kubwa kati ya zile mbili.

Katika toleo la tano la mwaka 2014 mambo yamegeuka. Mhusika huongeza fani bila kufungiwa ile ya zamani, mradi awe na alama 13 katika sifa zinazotakiwa, ila ngazi zake zinagawanyika kati ya fani hizo. Kanuni za wasaidizi, ambao ndio wafuasi wa toleo hili, zilizotolewa mwaka 2020 zinampa msaidizi ngazi sawa na wastani wa ngazi za kundi, na mimi naona hapo waandishi walikuwa wakarimu kupita kiasi. Katika kundi la ngazi ya 6, msaidizi wa aina ya mpiganaji hushambulia mara mbili kwa tendo moja, ilhali mchezaji mwenye ngazi 3 za upiganaji na 3 za uchawi hushambulia mara moja, na uchawi wake hauvuki daraja la pili. Mtumishi amempita shujaa kwa upanga. Dawa yake ni kumweka msaidizi ngazi mbili nyuma, kama lilivyofanya toleo la 3.5 kwa mwandani, yaani mfuasi mkuu wa mhusika aliye kiongozi. Msaidizi akiwa ngazi ya 4 atashambulia mara moja kama shujaa huyo.

Baada ya ngazi, shughulikia zamu zenyewe. Toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, lina utaratibu unaofaa kuazimwa: mhusika ana matendo matatu kwa zamu, na akitumia moja kumwamuru mnyama wake, mnyama hupata mawili. Katika toleo la tano unaweza kumtaka bwana atumie tendo lake la ziada kila anapotaka mfuasi ashambulie. Asipofanya hivyo, mfuasi ajikinge au asogee tu. Bwana na mfuasi warushe dadu moja ya kupanga zamu, ili meza isisubiri mara mbili.

Mfuasi pia awe na hiari yake. Toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons hupima moyo wake kwa dadu mbili za pande kumi: jumla ikizidi kiwango chake cha ujasiri, anarudi nyuma au anakimbia. Wasimamizi wengi huipuuza kanuni hii kwa kuwa inachelewesha vita. Mimi ningeitumia angalau mara moja katika kila pambano kubwa, hasa mfuasi anapotumwa kufungua mlango ambao bwana wake anauogopa.

Makubaliano haya yapitiwe tena siku ambayo fani mpya inaipita ya zamani. Kuanzia hapo mchawi wa ngazi ya 4 anaushika tena upanga wake bila adhabu, na mwenye mfuasi ndiye atakayekuwa na haki ya kulalamika. Wakati huo unaweza kumruhusu mfuasi apande ngazi moja, au kupunguza robo anayotozwa bwana wake.