Kipindi cha mtandaoni hakina manukuu? Namna ya kupeleka malalamiko FCC

Mwongozo huu ni wa walioko Marekani: kiziwi, mwenye usikivu hafifu, au ndugu anayemwandikia. Manukuu ni maandishi ya maneno yanayosemwa, yanayoonekana kwenye skrini. Sheria inayodai manukuu mtandaoni ilitiwa saini tarehe 8 Oktoba 2010, na msimamizi wake ni Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, yaani FCC. Kulalamika ni bure, na wakili hahitajiki.

Kabla ya kuandika lolote, jiulize: kipindi hiki kimewahi kurushwa na televisheni ya Marekani kikiwa na manukuu? Kama jibu ni hapana, usijisumbue. Taarifa ya habari iliyorushwa na manukuu, kituo kikiiweka kwenye tovuti yake au programu ya simu, lazima iwe nayo na huko pia. Tamthilia iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao tu haimo. Video za watu binafsi YouTube hazimo pia, na hapo ndipo vinapoangukia vipindi vingi vya Kiswahili tunavyotazama huku ughaibuni. Inauma, lakini ndivyo kanuni zilivyo.

Vipande vifupi vimo, mradi aliyekirusha kipindi kwenye televisheni ndiye aliyeviweka kwenye tovuti au programu yake mwenyewe. Kipande cha matangazo ya moja kwa moja kinaruhusiwa kukaa hadi muda wa saa 12 bila manukuu, kwa hiyo goli la jana usiku lipe nafasi kwanza. Kipindi kizima kilichokuwa tayari mtandaoni kabla ya kuonyeshwa kwenye televisheni na manukuu kina siku 15 za kuwekewa manukuu huko mtandaoni.

Sasa kagua kifaa chako. Washa kitufe cha CC, yaani cha manukuu, kisha jaribu kwenye simu na kwenye kompyuta. Yakionekana huku na kukosekana kule, andika hivyo hivyo. Ni fununu nzuri kwa watakaochunguza. Manukuu yaliyopo lakini yanachelewa, yanaruka maneno au yanakatika katikati pia yanalalamikiwa, kwa sababu ubora wake haupaswi kuwa chini ya ule wa televisheni.

Njia ni mbili. Unaweza kumwandikia mwenye huduma, yaani kampuni inayokuonyesha kipindi mtandaoni, ambaye ana siku 30 za kujibu; akikaa kimya au jibu lisipokuridhisha, una siku 30 nyingine za kwenda FCC. Au uende FCC moja kwa moja ndani ya siku 60 tangu ulipokutana na tatizo, nao watampelekea mhusika, ambaye hapo pia ana siku 30. Mimi ningeanzia FCC, maana kumbukumbu inakuwa mikononi mwa serikali tangu siku ya kwanza. Ila kama mechi inaendelea sasa hivi, wasiliana na mwenye huduma kwanza.

Fomu iko consumercomplaints.fcc.gov, chagua sehemu ya watu wenye ulemavu. Kwa simu ni 1-888-225-5322, na kwa lugha ya alama ya Marekani, kwa simu ya video, 1-844-432-2275.

Weka jina, anwani na namna unavyotaka kujibiwa, jina la kampuni na tovuti yake, kifaa na programu uliyotumia, tarehe, na unachotaka kifanyike. Maelezo ndiyo ya kuyatolea jasho. "Manukuu hayafanyi kazi" hayamsaidii mtu. Andika namna hii: "Jumanne saa mbili usiku nilifungua taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni kwenye programu ya kituo, simu ya Android. Kwenye televisheni ilikuwa na manukuu. Kwenye programu yalikoma dakika ya tano hadi mwisho. Naomba yarekebishwe." Ukiweza, piga picha ya skrini.

Ukishatuma, hifadhi namba ya malalamiko. Jibu lisiporidhisha, liandikie dawati la haki za watu wenye ulemavu la FCC, dro@fcc.gov, ukitaja namba hiyo.