Kabla hujaomba kundi la saidikaa kwenye rali ya pikipiki, mambo ya kuweka sawa kwanza

Saidikaa ninayoongelea hapa ni ile pikipiki yenye kigari cha gurudumu moja pembeni, watu wawili juu yake, mmoja kashika usukani mwingine anahama huku na huku kuibalansi. Kwenye lami watu wanashindana nayo miaka mingi, kwenye motokrosi ina ubingwa wake wa dunia tangu 1980, ila ukija kwenye rali ya pikipiki, hizi za masafa marefu porini mnafuata karatasi ya njia, mara nyingi utakuta kundi la pikipiki, kundi la magari, saidikaa hamna. Sisi tunaozipenda tunatamani sana ziwepo. Shida yetu tunakimbilia kuongelea mashine, injini gani, fremu gani, wakati mwandaaji wa rali maswali yake ya kwanza siyo hayo kabisa, na mkimkosea mara ya kwanza msitegemee atawasikiliza mwaka unaofuata.

Anza na hesabu ya watu. Kundi linakufa kwa kukosa washiriki kabla halijafa kwa kitu kingine chochote. Tazama kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, kwenye Dakar, rali kubwa ya masafa marefu jangwani, zilipewa kundi lao lenyewe 2009, zikatoa mabingwa wakubwa kama akina Patronelli wa Argentina, lakini idadi ikawa inapungua pungua mpaka baada ya mashindano ya 2024 kundi likaondolewa. Na saidikaa zenyewe zilishaonja hilo pale Isle of Man, kisiwa kati ya Uingereza na Ireland, kwenye TT, mashindano ya pikipiki ya barabarani, mbio zao za kwanza zilikuwa 1923, Freddie Dixon akashinda na mwenzake Walter Denny, alafu baada ya 1925 zikafutwa, zikakaa nje mpaka 1954. Karibu miaka thelathini! Kwa hiyo usiende kwa mwandaaji na wewe na shemeji yako tu mnasema wengine watakuja wakiona. Nenda na majina, timu tano au sita ambazo mashine wanazo tayari, abiria wanaye tayari, na wako tayari kuweka hela ya kiingilio mapema. Timu tatu za uhakika ni bora kuliko kumi za kwenye grupu la WhatsApp wanaosema "niko" alafu wiki ya mwisho simu hazipokelewi.

Sasa hapo kwenye abiria ndipo nataka tukae kidogo maana ndipo wengi wanapokosea. Neno lenyewe abiria linapotosha, mtu anadhani ni wa kukaa kwenye kiti ashangae mandhari. Huyu ni nusu ya mashine. Kona ya upande wa kigari, kigari kinataka kunyanyuka, ni uzito wake ndio unaokirudisha chini, kona ya upande wa pili anatakiwa awe ameshahamia nyuma ya dereva, amelalia gurudumu la nyuma, na vyote hivyo anavifanya kabla kona haijafika, siyo wakati mko ndani yake. Konda wa daladala aliyezoea kuning'inia mlangoni anaelewa mwanzo wa hili jambo, ila yule ana mlango na huyu ana vishikio viwili vitatu tu na mawe yanamrukia usoni siku nzima.

Kwa hiyo kabla ya yote abiria awe na leseni yake ya mashindano, bima yake, vipimo vyake vya daktari, na jina lake liandikwe kwenye matokeo sambamba na la dereva. Hili la jina siyo la heshima tu. Kwenye ubingwa wa dunia wa saidikaa, toka ule wa kwanza wa 1949, taji ni la wawili, Eric Oliver hakushinda peke yake, alishinda na Denis Jenkinson. Na huyu Jenkinson hadithi yake kila mtu wa rali anapaswa kuijua, maana 1955 ndiye aliyekaa pembeni ya dereva Stirling Moss kwenye Mille Miglia, mbio za magari za barabarani kule Italia, ameandika kona zote kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa ndani ya kiboksi, anaizungusha huku anampa Moss ishara za mkono, wakashinda wakitumia muda wa saa 10 na dakika 7 na ushee. Yani mmoja wa watu walioonyesha dunia namna ya kusoma njia kwa karatasi ya kuviringisha alikuwa abiria wa saidikaa. Mwandaaji akikuuliza saidikaa inahusiana nini na rali, mwambie hilo.

Ila na nyie mjiulize nani atasoma hiyo karatasi. Kwenye pikipiki ya kawaida mpanda pikipiki anasoma mwenyewe, iko mbele yake kwenye usukani. Kwenye saidikaa unaweza kumpa abiria, na sehemu za wazi zilizonyooka hiyo ni faida kubwa sana dhidi ya mtu aliye peke yake. Kwenye mawe na mashimo haiwezekani, mikono yake yote ina kazi. Mimi naona karatasi ya dereva ibaki palepale kwenye usukani, abiria awe na ya kwake ndani ya kigari, na mkubaliane mapema sehemu gani ni ya nani, na ishara za mikono au za kugonga bega ziwe zimezoeleka, maana intakomu, ile simu ya kuongea ndani ya helmeti, inakufa muda wowote vumbi na jasho vikiingia.

Kitu kidogo ambacho kinapoteza watu njia, wengi wakifunga kigari wanabadilisha na gurudumu la nyuma, wanaweka dogo la tairi pana kama la gari kwa sababu saidikaa hailali kwenye kona na tairi la duara la pikipiki linaisha katikati tu. Sawa kabisa, lakini ukishabadili ukubwa wa gurudumu na kipimo cha kilomita kinasomwa kutoka hapohapo, kinadanganya. Karatasi inasema geuka kilomita 42.3, yako inasoma 44. Kirekebishe kwenye barabara iliyopimwa kabla ya siku ya rali.

Tukija kwenye mashine. Ushauri wangu mwaka wa kwanza pokeeni kila aina, msigawe gawe. Watakuja wenye Ural, ile iliyoanzia Urusi enzi za vita ikitokana na muundo wa BMW R71, baadhi yake gurudumu la kigari linavuta pia na kwenye mchanga na tope hiyo ni nguvu kweli, na watakuja pia wale wa fremu za motokrosi ambazo ni nyepesi na zina kasi ila za kuvuta gurudumu moja tu. Mtu atalalamika hazilingani. Ni kweli, lakini timu sita ukizigawa mara mbili umepata makundi mawili ya timu tatu tatu, na hapo umerudi kwenye kifo cha kwadi.

Kwenye ukaguzi msilegeze. Kigari kifungwe pointi nne zisizopungua, na fundi aliyechomelea awe anajua anachofanya, maana fremu ya pikipiki haikutengenezwa kuvutwa kwa pembeni, na nyufa zinaanzia palepale kwenye vifungio. Boliti zote zikazwe upya baada ya kilomita hamsini za kwanza. Spoki za gurudumu la nyuma ziangaliwe kila jioni. Shokapu za mbele za kawaida zinafanya usukani uwe mzito mno, kwa rali ya siku tatu mikono ya dereva itakwisha siku ya kwanza mchana, ndo maana wazoefu wanaweka za aina ya mkono unaobembea mbele. Alafu ile kamba ya kuzima injini, inayofungwa kwa dereva, akichomoka mashine inazima, hiyo iwe lazima bila mjadala. Abiria asifungwe na mkanda wala kamba yoyote kwenye kigari, lazima aweze kuachia mashine ikipinduka.

Na mazoezi jamani. Mtu aliyepanda pikipiki miaka ishirini akikaa kwenye saidikaa anaanza moja, na ule uzoefu wake ndio unaomponza. Mara yangu ya kwanza nilikuwa Ujerumani kwenye mashine ya rafiki yangu, kigari kiko kulia, nikaingia kona ya kulia kwa mwendo ambao kwa pikipiki ungekuwa wa kitoto, kigari kikanyanyuka, mwili wangu wenyewe ukanyoosha usukani, nikajikuta upande wa pili wa barabara. Bahati gari halikuwepo. Ukivuta mafuta mashine inaelekea upande wa kigari, ukishika breki inataka kwenda upande wa pili, na hakuna mtu anayelijua hilo mwilini mwake bila kuzunguka uwanja mtupu masaa mengi. Kwa hiyo dai kila timu iwe imefanya mazoezi pamoja, dereva huyo na abiria huyohuyo. Kubadilisha abiria wiki ya mwisho mimi ningekataa kabisa hata kama ni rafiki.

Njia sasa. Hapa mwandaaji atakuwa na wasiwasi na ana haki. Vichochoro vya pikipiki moja havipitiki, daraja la mbao la kuvushia pikipiki halipitiki, kwa hiyo muulize kama njia ya magari ipo na muombe kundi lenu lifuate hiyo. Ila hata njia ya magari ina ujanja wake, gari linachimba mifereji miwili na saidikaa ni nyembamba kuliko gari, ukiweka pikipiki kwenye mfereji mmoja kigari kinapanda kwenye tuta la katikati na mnakwenda mmeinama muda wote, inachosha na inavunja. Nendeni mkapite kwenye sehemu hizo mwende taratibu na mashine moja kabla hamjasema tunaweza. Na kama nchi ni ya kuendesha kushoto kama huku kwetu, kigari huwa kinafungwa kushoto, cha nchi za Ulaya bara kiko kulia, hivyo tuta na bonde linalomsumbua huyu halimsumbui yule. Mzingatie hilo mkialika timu za nje.

Mpangilio wa kuanza, ombeni muanze baada ya pikipiki zote na kabla ya magari, na muachiwe nafasi ya kutosha nyuma yenu, maana kumpita saidikaa kwenye vumbi na yeye kumpita mwingine ni ngumu kuliko pikipiki. Mafuta nayo, rali kubwa pikipiki zinatakiwa ziweze kwenda kama kilomita 250 bila kujaza, na saidikaa inakunywa zaidi kwa uzito na upana wake. Tangi la ziada linakaa vizuri kwenye kigari, ila lisiwe mahali ambapo abiria anaangukia.

Uokoaji msiusahau. Ural peke yake inapita kilo 300 kabla ya watu, ikiwa imepinduka kwenye korongo watu wawili waliochoka hawaigeuzi, na helikopta au pikapu ya madaktari ikija inatakiwa ijue majeruhi wanaweza kuwa wawili, siyo mmoja. Fomu ya bima nyingi ina sehemu ya mtu mmoja kwa kila pikipiki. Iulizeni kampuni ya bima mapema, kwa maandishi, na jibu mlitunze.

Vyote hivi viwekwe kwenye karatasi mbili tu za kanuni, siyo kitabu. Mwombeni mwandaaji mwaka wa kwanza muende kama maonyesho, mnapimwa muda lakini hakuna pointi za ubingwa, siku moja tu kati ya siku za rali, timu tatu, na gari la kuwafuata mnalilipia wenyewe. Jioni yake kaeni naye mezani na muda wa kila timu, kila boliti iliyolegea na kila mahali mlipokwama mmeviandika, mkianza na yale yaliyoharibika.