Hilo lengo ni la nani?

Daftari langu la mwaka 2019 lina mstari wa wino wa bluu: "Kuanza shahada ya uzamili." La 2020 lina mstari huohuo. La 2021 pia, ila safari hiyo niliupigia mistari miwili chini yake, kana kwamba tatizo lilikuwa wino. Muda nilikuwa nao, ada nilishaiweka kando, fomu nilishaipakua. Hamu ndiyo haikuwepo, nami nilidhani hamu huja kwa kuamka alfajiri na kujikaripia.

Kabla hujajikaripia, fanya jambo nililochelewa kulifanya. Andika lengo lako kwenye karatasi, kisha chini yake andika jina la mtu ambaye ungependa awe wa kwanza kusikia kwamba umelitimiza. Usitafakari, jina lililotangulia kukujia ndilo lenyewe. Kwangu lilikuja la mtu niliyesoma naye zamani, ambaye tulikuwa hatujasalimiana miaka sita. Nilicheka peke yangu. Kumbe nilitaka kuhangaika miaka miwili ili yeye aone picha yangu nimevaa joho!

Sasa ondoa watazamaji. Chukulia lengo limetimia na huruhusiwi kumwambia yeyote: hakuna picha, hakuna pongezi, cheti kinalala kabatini. Bado unalitaka? Ukisita, usikimbilie kulifuta. Huenda sababu ipo, ila umeifunika na sababu za watu.

Wala sababu si lazima iwe raha. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, walioipa umbo nadharia yao mwaka 1985, wanatofautisha kufanya jambo kwa ajili ya zawadi au hofu ya adhabu, kulifanya ili kukwepa aibu, kulifanya kwa sababu wewe mwenyewe unaiona thamani yake, na kulifanya kwa kulifurahia tu. Hiyo ya tatu inatosha kabisa. Sijaona mtu anayefurahia kupiga mswaki, wala sijaona anayehitaji semina ili aupige.

Wengi watakushauri ujiulize "kwa nini" mara tano. Taiichi Ohno aliitumia mbinu hiyo katika viwanda vya Toyota kutafuta chanzo cha mashine kusimama. Kwa mashine ni sawa. Mimi nilipojiuliza, kufikia "kwa nini" ya tatu nilikuwa nimeshaanza kujitetea kama mtu aliye kizimbani, natoa majibu mazuri yasiyo ya kweli.

Kilichonisaidia ni kuacha kujihoji na kuanza kujichungulia. Kwa wiki mbili, kila usiku, andika mstari mmoja tu: leo nimefanya nini bila kuagizwa, nikasahau kuangalia saa? Usiandike ulichopaswa kufanya. Siku ya nne niliandika kwamba nilibaki ofisini kumwonyesha mfanyakazi mpya jinsi ya kupanga majedwali ya Excel. Siku ya saba, mwingine, jambo lilelile. Siku ya kumi na moja nilikuta nimemchorea mtu mishale nyuma ya bahasha, na taa za ukumbi zilikuwa zimeshazimwa. Kwenye mistari kumi na minne, sita ilikuwa ya kumfundisha mtu kitu. Kusoma kozi yoyote hakukutokea hata mara moja.

Ukishaiona sababu, liandike lengo upya liifuate. Langu likawa: "Alhamisi, kazi ikiisha, nikifunga kompyuta naenda chumba cha mikutano kufundisha." Muundo huo wa "jambo fulani likitokea, nafanya hivi" ni wa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, na unakuondolea kazi ya kuamua upya kila wiki.

Tahadhari moja: usijihonge. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadaye, walipoachwa wachague wenyewe cha kufanya, watoto hao walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mimi nilikuwa nimejiahidi simu mpya nikifundisha miezi mitatu mfululizo. Niliifuta ahadi hiyo.

Wanafunzi wa Alhamisi walianza wawili, wakafika saba, sasa wako watano. Miezi michache iliyopita mmoja wao aliniuliza swali la takwimu. Nilisimama mbele ya ubao na kalamu mkononi, nikakosa pa kuanzia. Usiku ule niliifungua tena ile fomu ya uzamili. Nilijipima kwa jina, na safari hii lilikuja la yule aliyeniuliza swali. Sijaimaliza bado, nimefika ukurasa wa tatu, wanapotaka barua za wadhamini.