Filamu Fupi ya Mwanga: Kudundisha Mpira kwa Tochi, Fremu kwa Fremu

Mpira wa mwanga unaodunda ndilo zoezi ninalompa kila anayeanza: umbo ni rahisi, na mwendo ukikosewa jicho hulalamika papo hapo. Kila fremu ni picha iliyopigwa gizani, shata (kizibo cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) ikiwa wazi, nawe unachora hewani kwa tochi. Kwa fremu 12 kwa sekunde, filamu ya sekunde 5 inahitaji picha 60.

Hatua ya 1: Kamera
Ifunge kwenye stendi ya miguu mitatu, usiiguse tena, tumia rimoti. Kila kitu uweke kwa mkono: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata sekunde 10. Washa tochi pale utakapochorea, lenga fokasi hapo, kisha zima fokasi ya otomatiki. Mizani ya rangi nayo usiiachie kamera, la sivyo rangi zitabadilika kila fremu.

Hatua ya 2: Uzi
Hapa ndipo filamu nyingi huharibika, kwa sababu gizani mkono haukumbuki ulikopita. Mafundo ya uzi yatakuonyesha mpira ukae wapi katika kila fremu. Ning'iniza uzi mweusi kutoka darini, ufunge fundo la juu kabisa, halafu mengine sita, sentimita 5, 20, 45, 80, 125 na 180 chini yake. Kitu kinachoanguka huongeza kasi, ndiyo maana mafundo yanabanana juu na kuachana chini. Fundo la mwisho likae juu kidogo ya sakafu. Ukianzia chini, ukapanda hadi juu na kushuka hadi fundo la pili kutoka chini, umepata fremu 12, yaani mdundo mmoja kamili.

Hatua ya 3: Kuchora
Vaa nguo nyeusi, simama nyuma ya uzi. Papasa fundo kwa mkono mmoja. Kwa mwingine zungusha tochi ndogo kulizunguka, balbu ikielekea lenzi. Hesabu kwa sauti ili kasi isibadilike: mkono ukienda polepole mstari unang'aa zaidi, ukiharakisha unafifia. Kuongeza sekunde za shata hakuongezi mng'ao wa mstari, kunaangaza mandhari tu. Kwenye fundo la chini kabisa chora duara lililobonyea, pana kuliko urefu wake. Fremu hiyo moja ndiyo inayoupa mpira uzito, kwa hiyo irudie mpaka ikae sawa.

Tazama kila picha kabla ya kuhamia fundo linalofuata. Kuirudia kesho haiwezekani, kamera itakuwa imesogea.

Hatua ya 4: Kuunganisha
Ingiza picha kwa mpangilio wa namba kwenye programu ya kuhariri, kwa fremu 12 kwa sekunde. Mstari utatetemeka kidogo. Binafsi siusawazishi kwa programu. Mtetemo huo ni alama ya mkono, nami naupenda. Mpira ukirukia pembeni, hiyo ni fremu mbovu: nakili ya jirani yake mahali pake.