Kabla hujalipa ploti ya hamsini kwa mia, pima kona kwa kona

Huku Wakiso na Kampala ploti zinauzwa kwa futi, unaambiwa hii ni 50 kwa 100, unapiga hatua pembeni unaridhika. Sasa kabla ya kutoa pesa pima na ule mstari wa kona kwa kona, manake pande zinaweza kuwa sawa kabisa na ploti bado imepinda.

Hesabu (ni ya Pythagoras, ile ya pembetatu yenye kona ya nyuzi 90) ifanye nyumbani, huko shambani na dalali anakuongelesha utachanganyikiwa. 50 mara 50 ni 2,500, 100 mara 100 ni 10,000, jumlisha 12,500, kipeuo cha pili (kalkuleta ya simu inatoa) ni kama 111.8. Iandike. Mistari yote miwili ya kona kwa kona isome hivyo. Ukikuta mmoja 118 na mwingine 105 basi hiyo si mstatili, eneo unapoteza kama futi 50 tu za mraba, si nyingi, ila fundi akija kuweka msingi ndo utajua.

Tepu azima ya mita 50. Ile ya mita 30 haifiki hata futi 100, inaishia 98 na kitu, utaanza kuunganisha na makosa yanaingia hapohapo. Beba vigingi, kamba, na mtu wa kushika upande wa pili, si dalali lakini! Na mkubaliane mapema ni futi au mita.

Mlimani tepu ishikwe usawa, isilale chini kufuata mteremko. Futi 100 za kulala kwenye mteremko unaoshuka futi 10 ni kama 99.5 tu ukipima usawa, ni Pythagoras yuleyule.

Kuna saa katikati pana nyumba na migomba, upana huupati vizuri, ila muuzaji anajua seng'enge ya kuzunguka raundi moja ilikula futi 300 na kona kwa kona ni 111.8. Inatosha, kama kona ni nyuzi 90 kweli. Nusu ya 300 ni 150, mara yenyewe 22,500, toa 12,500 (ile kona kwa kona mara yenyewe) inabaki 10,000, gawa kwa 2: eneo ni futi 5,000 za mraba, pande hata hujazitafuta. Ukizitaka, 12,500 toa 10,000 ni 2,500, kipeuo chake 50, hiyo ndo tofauti ya urefu na upana, na jumla yao ni 150, kwa hiyo 100 na 50.

Desimali moja (kipimo cha ardhi cha huku, ekari ukigawa kwa mia) ni futi 435.6 za mraba, kwa hiyo 5,000 ni kama 11 na nusu. Anayekwambia 12 muulize hiyo nusu iko wapi.