Somo: Kubandika biotini kwenye ncha ya RNA

Wakuu, biotini ni vitamini ndogo tunayoitumia kama alama, maana protini iitwayo streptavidini huishika kwa nguvu. Kwanza kemia yake. Ribosi (sukari) ya mwisho wa RNA, upande wa 3′, ina haidroksili (OH) mbili zilizopakana. Periodeti, ambayo ni kioksidishaji, hukata katikati yake, zinabaki aldehidi mbili, na haidrazidi ya biotini (biotini yenye kikundi kinachoshika aldehidi) inazidaka.

Hatua ya 1: Safisha RNA. Glovu mpya, maji yasiyo na RNase (vimeng'enya vinavyokata RNA). Kama ilihifadhiwa kwenye bafa ya Tris, ishushe chini kama mashapo kwa etanoli, kisha uiyeyushe kwenye bafa ya asetati, pH 5 hivi. Tris ina amini, itadaka aldehidi zako. Giliseroli ndiyo mwizi mkubwa: nayo ina haidroksili zilizopakana, hivyo inakula periodeti yote. Mimi nilipoteza wiki nzima nikilaumu biotini, kumbe giliseroli ilitoka kwenye mchanganyiko wa kimeng'enya.

Hatua ya 2: Weka sodiamu periodeti uliyoyeyusha siku hiyohiyo, ifike milimola 10 kwa lita. Funika kichupa kwa foili, saa 1.

Hatua ya 3: Sasa mwite yule mwizi: giliseroli kidogo inamaliza periodeti iliyobaki. Kisha etanoli tena. Ukiruka hapa, periodeti itaharibu haidrazidi.

Hatua ya 4: Yeyusha haidrazidi ya biotini kwenye kiyeyushi cha DMSO, changanya na RNA katika asetati, saa 2 kwa nyuzi 37. Osha kwa etanoli mara mbili, maana biotini iliyo huru inajaza nafasi za streptavidini.

Hatua ya 5: Dondosha kwenye utando wa nailoni, pima kwa streptavidini yenye kimeng'enya kinachotoa mwanga. Pembeni weka RNA isiyopitia periodeti. Nayo ikiwaka, hujaosha vizuri.

MASWALI

Mkuu, DNA inakubali?
Hapana. Deoksiribosi haina haidroksili ya 2′.

Na sukari za glikoprotini (protini zenye sukari)?
Zinakubali, tena kwa kuchagua. Periodeti ya milimola 1 kwenye barafu inagusa asidi ya siali, sukari ya nchani; ukitaka sukari nyingine pia, milimola 10 kwa joto la chumba.

Mwalimu, RNA niliyoikatakata kwa alkali imegoma kabisa.
Vipande hivyo vina fosfeti kwenye ncha ya 3′, haidroksili zimezibwa. Iondoe fosfeti kwanza kwa kimeng'enya cha kinasi ya T4, ndipo uanze hatua ya 1.

Mwanga wangu ni hafifu, niongeze periodeti?
Usiongeze. Kila RNA inabeba biotini ncha moja tu. Ukitaka nyingi, ziingize wakati wa kuinakili, kwa UTP (tofali mojawapo la kujengea RNA) yenye biotini.