Faji kwa kuku wenye taifodi: anza na ini, sio na chupa

Nianze na hili kabla hujakimbilia dukani kuulizia: faji, yaani kirusi mdogo anayeua bakteria tu, haitibu "kuku wanaumwa". Faji anaua bakteria wa aina moja, tena mara nyingine ni ukoo mmoja tu wa hao bakteria, wengine anawapita kama hawaoni. Kwa hiyo kama bandani kuna kideri umeliwa, kideri ni kirusi. Gumboro nayo kirusi. Koksidia ni kitu kingine kabisa. Naandika kuhusu taifodi ya kuku, ile inayoletwa na bakteria aitwaye Salmonella Gallinarum, sababu ndio iliyoninyoosha mimi na ndio inayomaliza kuku wa mayai wengi huku kwetu wakiwa tayari wamekula pesa ya miezi.

Faji ni kirusi wa bakteria. Anajibandika kwenye ngozi ya bakteria, anachoma, anamwaga vinasaba vyake ndani, bakteria anageuka kiwanda bila kupenda halafu anapasuka na kutoa makumi ya faji wapya ambao nao wanaenda kutafuta wa kwao. Bakteria wakiisha na faji wanaisha. Sio kitu kipya pia, watu wanadhani ni ya jana, mwanasayansi Félix d'Hérelle aliyewapa jina mwaka 1917 kule Paris, miaka miwili tu baadae, 1919, alikuwa tayari anawajaribu kwa kuku wenye taifodi hii hii vijijini Ufaransa. Kuku walitangulia watu! Halafu antibiotiki zikaja, dunia ikasahau, isipokuwa sehemu chache kama nchi ya Georgia ambako taasisi yao ya Tbilisi imeendelea nao tangu 1923. Leo tunawarudia kwa sababu tumezichezea antibiotiki mpaka zimechoka, na Nairobi pale ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kuna watafiti wamekuwa wakitafuta faji wa Salmonella kutoka kwenye mashamba ya kuku ya hapo hapo Kenya.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza na kuku aliyekufa.

Usimpe kundi dawa yoyote kwanza. Najua inauma, unaona wanakufa 6, kesho 11, mkono unawasha kumwaga oksitetrasaiklini kwenye maji. Ukimwaga, maabara hawataotesha kitu na utabaki unabahatisha. Mimi nilibahatisha, muuza dawa mmoja aliangalia picha ya kinyesi kwenye simu akanipa enrofloksasini, wakaacha kufa siku nne, ya tano wakaanza upya na safari hii dawa haikugusa. Baada ya hapo ndio nikampasua mmoja juu ya mfuko wa simenti na daktari wa mifugo akiwa pembeni. Ini lilikuwa limevimba, limepita saizi yake, na tulivyoliacha wazi dakika chache likaanza kubadilika rangi, likawa kama shaba iliyopata kijani. Daktari akasema tu "umeona". Ukiona hivyo, na vilemba vimepauka, na kinyesi cha njano-kijani kimegandia manyoya ya nyuma, una sababu nzuri ya kushuku taifodi, ila bado ni kushuku. Chukua wawili au watatu waliokufa siku hiyo hiyo, mfuko wa plastiki mara mbili, barafu, peleka maabara ya mifugo siku hiyo. Tanzania TVLA, wakala wa maabara za mifugo wa serikali, wana matawi kanda mbalimbali, Kenya kuna maabara kuu Kabete na za mikoani.

Ukifika omba vitu viwili kwa pamoja: kipimo cha antibiotiki zipi bado zinaua, na kama wana faji au wanashirikiana na chuo chenye faji, wawajaribu juu ya bakteria wako. WAKO, sio wa kwenye kitabu. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa hata kama hujasoma sayansi. Wanaotesha bakteria kwenye sahani mpaka wanatanda kama ukungu kwenye kioo, wanadondoshea tone la faji, wanaacha usiku. Asubuhi pale palipodondoka tone kama pako angavu kama pamefutwa na kidole, faji anakula bakteria huyo. Kama ukungu umebaki vile vile, hiyo chupa hata ingekuwa ya dhahabu haikuhusu. Na wachague mchanganyiko wa faji watatu au zaidi wanaoshikia sehemu tofauti, sababu bakteria wana akili ya kukwepa faji mmoja ndani ya siku chache tu, kukwepa watatu kwa mpigo ni kazi. Pia wawe faji wa kupasua, kuna wengine wanaingia wanatulia ndani ya bakteria na wanaweza hata kumbebea vinasaba vibaya, hao hatuwataki.

Kuna watu wataniuliza, si niwatengeneze mwenyewe, maji ya machinjio yamejaa faji. Ni kweli wamejaa. Lakini kuwazalisha lazima ukuze Salmonella kwa wingi, uwachuje kwa chujio la maikroni 0.22, uondoe sumu ya bakteria waliopasuka. Jikoni kwako hapana. Acha kabisa. Na chupa isiyo na namba ya usajili ya TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania), au VMD (ya dawa za mifugo) kwa Kenya, usiiguse hata muuzaji akiapa, labda uwe kwenye utafiti rasmi unaosimamiwa.

Tuseme umepata na daktari wako ameandika dozi. Hesabu inawachanganya wengi kwa hiyo niiweke hapa kwa mfano. Lebo inasema kila mililita moja ina faji bilioni 1. Daktari anataka kila kuku apate milioni 100, yaani sehemu ya kumi ya mililita. Kuku 500 basi ni mililita 50. Hizo 50 hauziweki kwenye tanki la siku nzima, unaziweka kwenye maji watakayoyamaliza ndani ya masaa mawili, kwa kuku wa mayai 500 mi naweka lita 20 hivi na kuwanyima maji saa moja au mbili kabla, asubuhi kukiwa na ubaridi. Vinyweo viwe vingi ili wanyonge nao wanywe, wagonjwa ndio wa mwisho kufika siku zote.

Maji ndio yanaua kazi. Klorini inamaliza faji kama inavyomaliza bakteria, so ukiwa umeweka WaterGuard au unatumia bomba la mjini lenye harufu umetupa hela. Tumia maji ya kisima safi au ya mvua. Vinyweo ulivyosugua kwa dawa ya kuua vijidudu visuuze mara tatu. Usichanganye na vitamini, siki, wala kitu kingine mpaka lebo iruhusu. Halafu tumbo la kuku lina asidi kali, faji wengi wanafia njiani kabla ya kufika utumbo, ndio maana kwenye utafiti wengi wanawapa na kalsiamu kaboneti ya kupunguza ukali, na bidhaa nyingine zinafunikwa kabisa, kwa hiyo uliza hilo. Chupa ikae frijini kama nyuzi 4, sio kwenye friza, sio dirishani.

Wahi. Faji wanafanya vizuri zaidi ukiwapa kundi mapema, kuku ambao bado wanakula vizuri wakati wenzao wachache ndio wameanza kuumwa, kuliko kuku ambaye tayari amejikunyata macho yamefumba. Salmonella hii inajificha ndani ya chembe za mwili, kwenye ini na bandama, faji hamfikii vizuri humo. Kwa kundi lililozidiwa daktari anaweza kuchanganya faji na antibiotiki iliyofaulu kipimo, na sio wazo la kijinga, watafiti wa Marekani walishajaribu faji pamoja na enrofloksasini kwa broila wenye bakteria wa E. coli na vikiwa pamoja vikalinda kuliko kimoja kimoja. Ila ukitumia antibiotiki siku za kutouza mayai zinahesabiwa kama kawaida, faji hawakufutii hizo.

Na kama ulikuwa na mpango wa chanjo hai ya taifodi, ile ya 9R, mwambie daktari kabla. Chanjo yenyewe ni Salmonella Gallinarum iliyodhoofishwa, faji wako anaweza kuila.

Andika vifo kila siku ukutani kwa chaki, kabla na baada. Vikishuka siku tatu halafu vikapanda usiongeze dozi kwa hasira, rudisha mzoga maabara waone kama bakteria ameshawakwepa faji, wabadilishe mchanganyiko. Wakati huo huo toa maranda yaliyolowa, choma mizoga au izike chini kabisa, na angalia usiku kwa tochi kwenye nyufa za vichanja kama kuna utitiri mwekundu, hao wanabeba taifodi kuku kwa kuku na faji hana habari nao.

Waliopona usiwaamini. Wanataga, wanang'aa, na bado wanabeba, tena ugonjwa unapita kwenye yai mpaka kwa kifaranga. Jirani yangu alikuja na trei mbili anataka ya kutotolesha, anasema "si umewatibu na ile mpya?" Nikamuuzia trei mbili za kula, nikamwambia apike yaive, za inkyubeta akatafute kwa mwingine.